Bendi Bubu

Siku Hamidu alipomletea Sikuzani spika alishone, stendi ya Masasi ilikuwa imejaa mpaka mbuzi wanakosa pa kupita. Ilikuwa siku ya mnada. Mitumba ilikuwa imemwagwa juu ya maturubai, wauza kaseti walikuwa wakishindana kupandisha sauti, na wanunuzi wapya wa korosho, wale wa kampuni za watu binafsi walioingia tangu soko huria liruhusiwe, walikuwa wakipita taratibu na magari yao ili waonekane kwamba wamefika. Katikati ya vurumai hiyo, barazani kwa duka la misumari na mabati la Mzee Mahmudu, Sikuzani Alfani alikuwa anakanyaga cherehani huku amenuna.

Alikuwa na haki ya kununa. Asubuhi hiyo mteja alikuwa amemrudishia gauni, eti ya mtumba yanakaa vizuri zaidi mwilini. Sikuzani alimwambia basi nenda kavae ya marehemu, na mteja akaenda kweli.

"Habari za kazi, dada?"

Aliinua macho. Mbele yake alisimama kijana mrefu aliyevaa koti la ngozi katika jua lile la kupasua mawe, jasho likimchuruzika mpaka kwenye kidevu. Kichwani alikuwa amebeba sanduku kubwa jeusi.

"Nzuri. Poleni na msiba," Sikuzani akajibu.

"Msiba gani?"

"Si jeneza hilo umebeba?"

Kijana akacheka, akalitua chini. Lilikuwa spika la bendi, na karatasi yake ya ndani ilikuwa imechanika vibaya. "Mgonjwa huyu hajafa bado. Karakana ya Ndanda wameniambia nisubiri karatasi mpya kutoka ng'ambo. Mimi siwezi kusubiri ng'ambo. Nikasema mchaniko ni mchaniko, nimtafute fundi cherehani."

"Kaka yangu, mimi nashona magauni."

"Na hili lishonee gauni."

Alilitazama spika, akamtazama na mwenyewe. Kijana alikuwa na macho ya mtu anayesikiliza kitu kingine wakati anaongea na wewe, na jambo hilo lilimuudhi Sikuzani na kumvutia kwa pamoja. Akachukua sindano ya mkono, akakata kipande cha pamba nyembamba, akakipachika kwenye ule mchaniko kwa gundi na mshono mdogo mdogo, akisonya kila karatasi ilipotaka kuchanika zaidi. Kisha akamwambia akae kwenye benchi, gundi ikauke, akarudi kwenye sare za shule alizokuwa anashona. Alikuwa amejishonea blauzi ya kitenge yenye mabega yaliyotuna, nywele amesuka twende kilioni, na miguuni kandambili. Hamidu hakuangalia blauzi wala nywele. Aliinamisha kichwa akawa anaangalia mguu wake unaokanyaga cherehani.

"Umepoteza kitu huko chini?" Sikuzani akauliza.

"Unapiga nini hapo?"

"Napiga cherehani. Macho juu."

"Samahani, dada." Lakini masikio aliyaacha hukohuko chini.

Spika lilipopelekwa kwenye bendi lilitoa sauti, ila sauti nzito yenye mikwaruzo, kama mtu mwenye mafua aliyekasirika. Mtu mwingine angelirudisha. Hamidu alirudi siku ya pili na soda baridi, akasema hajawahi kusikia sauti nzuri kama ile.

Hivyo ndivyo yalivyoanza.

Bendi yenyewe zamani ilikuwa ya chama cha ushirika, na ilikuwa na waimbaji watatu na makoti ya kufanana. Ushirika ulipoyumba, vyombo vikanadiwa. Hamidu, mtoto wa familia ya Kiyao ya wafanyabiashara wa mtaa wa Mkomaindo, hapo Masasi, alinunua magitaa na amplifaya. Waimbaji wakakimbilia Dar es Salaam, na wa mwisho aliondoka na kipaza sauti. Wakabaki watu wanne: wapiga gitaa wawili, mpiga besi, na Dickson mpiga drams, bonge la mtu lililokuwa likivunja fimbo kila wiki. Kwa kuwa hakuna aliyejua kuimba, waliacha kuimba. Watu wakawaita Bendi Bubu, na jina likawaganda.

Siku ya kwanza Sikuzani alipokwenda kuwasikiliza mazoezini, kwenye ghala tupu nyuma ya stendi, alikaa juu ya gunia akisubiri wimbo uanze. Hamidu alikuwa anagusa waya mmoja tu wa gitaa, taratibu, tena na tena. Baadaye gitaa la pili likaingia. Besi ikaja kwa chini, ukaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Hakuna aliyefungua mdomo. Sauti ikazidi kupanda, ikazidi kujaa, Dickson akaanza kupiga kwa nguvu zake zote, spika lenye kiraka likakoroma, mabati ya paa yakatetemeka na vumbi la korosho za misimu iliyopita likaanza kuwashukia vichwani. Sikuzani alijishika kifua. Alitaka kulia na hakujua analilia nini. Kisha yote yakakoma ghafla, ikabaki ile nota moja ya mwanzo.

"Umeonaje?" Hamidu akauliza, uso wote jasho.

"Wimbo unaanza saa ngapi?"

Dickson alicheka mpaka akaanguka na kiti.

Mapenzi yao yalikuwa matamu, lakini yalikuwa na mchanga ndani yake, kama mchicha usiooshwa vizuri. Hamidu alimpenda, hilo hata kipofu angeliona. Alimsubiri jioni, alimbebea cherehani kuiingiza ndani, alimwita "fundi wangu" mbele za watu. Lakini kila Sikuzani alipotaka neno, neno halikuja.

"Utaleta posa lini?"

"Nitaleta, mpenzi."

"Nitaleta ni lini? Kalenda haina siku inayoitwa nitaleta."

"Tuimarike kwanza kidogo. Bendi ikipata jina..."

"Jina! Usinitajie jina! Kila bendi iliyopita mji huu ina wimbo wenye jina la mwanamke. Wapiga gitaa wengine wanawataja wake za watu, Hamidu. Mimi nina mpiga gitaa wangu mwenyewe na sitajwi hata na mbwa!"

"Sisi hatuimbi, Siku."

"Basi jifunzeni!"

Hamidu akamsogelea. Kisha akasema, "Nimekutungia. Ni wako mwanzo mpaka mwisho. Utausikia Newala, msimu wa korosho ukianza. Mtu yeyote atakayeusikia atajua ni wewe."

Maneno hayo yakamwingia Sikuzani kama chai ya tangawizi. Akaacha kununa kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kujisifu. Kwao ni Chilangala, juu kwenye uwanda, upande wa Newala, na mwaka huo mdogo wake Faidha alikuwa aingie unyago shule zikifungwa. Wanawake walikuwa wameshamteua Sikuzani awe somo wake, yaani wa kumsimamia, kumfunda na kumtoa nje akiwa mwali kamili. Hiyo ni heshima ambayo hapewi kila mtu, na aliyemteua ni Bi Sijaona, kungwi aliyemfunda Sikuzani mwenyewe. Sasa, alipopanda Chilangala kuzungumzia maandalizi, Sikuzani hakuweza kuuzuia mdomo wake.

"Mchumba wangu kanitungia wimbo. Atauporomosha Newala, Jumapili. Njooni wote."

"Atakutaja?" mama yake akauliza.

"Mama, kasema yeyote atakayeusikia atajua ni mimi."

Siku mbili kabla ya dansi simu ililia dukani kwa Mzee Mahmudu. Mzee akatoa kichwa nje. "Sikuzani! Simu yako. Yule bubu wako."

"Shikamoo mzee, asante. Haloo?"

"Fundi wangu, tumefika Newala. Jenereta limegoma, Dickson analipiga mateke. Baridi huku, ukungu mpaka ndani ya gitaa."

"Umenikumbuka?"

"Nina koti, lakini hakuna wa kunifokea."

"Jumapili nitakufokea vizuri. Nakuja na mama, na shangazi, na bibi zangu. Usiniaibishe, Hamidu."

"Nikuaibishe wewe?" akasema, na simu ikakatika.

Jumapili alasiri ghala la Newala lililokodiwa kwa dansi lilijaa. Korosho zilikuwa zimeanza kuuzwa, watu walikuwa na viatu vipya. Sikuzani aliingia na gauni la njano alilolishona kwa siku hiyo, likimeremeta kiunoni, akiwaongoza wanawake wa Chilangala waliovaa kanga zao za sikukuu. Aliwakalisha benchi la mbele kabisa. Bi Sijaona alikaa katikati, mikono juu ya fimbo yake. Mlangoni alisimama bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye miwani ya jua na redio ya kurekodia begani, mtafuta miziki ya kuweka kwenye kaseti.

Bendi ikapiga mbili za kuchangamsha. Kisha Hamidu akamtazama Sikuzani, akatabasamu, akaanza kugusa waya mmoja.

Ulikuwa mzuri. Tuseme kweli, ulikuwa mzuri kuliko yote waliyowahi kupiga. Gitaa la pili likaja kama mtu anayekaribia kwa woga. Besi ikajilaza chini. Sikuzani alikaa wima, shingo ndefu, akijua watu wanamtazama. Halafu Dickson akaingia na dramu kubwa, taratibu, na mdundo ule ukazunguka ghala zima.

Wanawake wa benchi la mbele waliganda.

Ngoma za unyago zinazopigwa uwanjani kila mtu anazisikia, hata mpita njia. Lakini upo mdundo wa ndani, unaopigwa mlango ukiwa umefungwa, baina ya wanawake na mwali wao, na mwanamume hapaswi kuusikia, awe mume, awe baba, awe shehe. Zaidi ya hapo hata hadithi hii haisemi. Sasa mdundo huo ulikuwa unatoka kwenye spika lenye kiraka, mzito, mkubwa kuliko nyumba, na wanaume wa Newala nzima walikuwa wanautingishia mabega.

Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Bi Sijaona aliinuka, akajikongoja hadi mlangoni, na wanawake wote wakamfuata mmoja mmoja bila neno. Sikuzani alikimbia kwa mlango wa nyuma, akaung'oa waya wa jenereta kwa mikono yake miwili. Ghala likafa kimya. Wanaume wakaanza kupiga miluzi.

Hamidu alitoka mbio na gitaa lake shingoni. Nje aliwakuta wanawake wamesimama, na Sikuzani kati yao.

"Shikamooni mama zangu. Kuna nini?"

"Marahaba," Bi Sijaona akajibu polepole. "Mjukuu wangu, ile ngoma uliyopiga. Umeipata wapi?"

Uso wa Hamidu ukang'aa. Alidhani bibi ameupenda wimbo. Miezi yote hiyo alikuwa amelaumiwa kwamba hamtaji mchumba wake mbele ya watu, na sasa nafasi hiyo hapa, mbele ya ukoo mzima.

"Kwa Sikuzani, bibi," akasema kwa sauti ili kila mtu asikie. "Sikuzani Alfani ndiye aliyenipa. Wote ni wake."

Alitajwa. Jina zima, mbele ya watu wote aliowaalika mwenyewe. Mama yake aliguna kama mtu aliyechomwa mwiba, akageuka akaondoka.

"Siku, nimekosa nini?"

"Nani kakufundisha?" Sikuzani alimkaba koti. "Unaye mwanamke wa huku juu, eh? Niambie jina lake!"

"Mwanamke gani? Ni wewe!"

"Muongo! Mimi sijakufundisha kitu! Umenivua nguo mbele ya mama yangu!"

"Nimekuvuaje? Niambie basi nilichofanya!"

"Siwezi kukuambia!"

"Sasa nitajuaje?"

"Hutajua!" akalia. "Ndiyo maana, Hamidu! Hutajua!"

Jioni hiyo Chilangala walikata shauri. Hawakumpiga wala kumtukana, na hilo lilimuuma zaidi. Shangazi alisema tu kwamba mtu asiyeweza kufunga mdomo hawezi kumfunda mwali, na kwamba Faidha atatafutiwa somo mwingine. Sikuzani aliapa kwamba hajasema. Bi Sijaona akamwuliza, "Basi alijuaje?" Faidha alikaa pembeni anachezea pindo la kanga, hathubutu kumtazama dada yake.

Alirudi Masasi. Simu ya Mzee Mahmudu haikupumzika.

"Mwambie sipo, mzee."

"Mwanangu, anakusikia."

"Basi mwambie nipo na sitaki."

Mwishowe alishika mkono wa simu, kwa hasira tu. "Unasemaje?"

"Siku, mpenzi wangu. Nimerudia wimbo wote kichwani kutafuta tusi. Tusi halimo. Hata neno halimo!"

"Wewe na ukimya wako ndio mlioniua."

"Yule bwana wa kaseti anautaka. Anarudi mwisho wa mwezi na mashine yake. Anasema ni ile ngoma nzito ya katikati ndiyo itakayouza. Nilidhani utafurahi. Hiyo ndiyo posa, Siku, ndiyo nyumba..."

"Haloo? Sikusikii," akasema Sikuzani, ingawa alimsikia vizuri kabisa, akakata.

Kwa siku kadhaa hakugusa cherehani. Mchana alikaa barazani akitazama mitumba ya watu ikinunuliwa. Alimfikiria mwanamke wa kule juu, alimpa sura, alimpa mpaka meno ya dhahabu, akamchukia. Kisha mama mmoja akaleta sare za shule za haraka, na njaa haina hasira. Akafungua cherehani, akaingiza uzi, akaanza kukanyaga huku mawazo yako mbali.

"Alhamdulillahi," Mzee Mahmudu akasema kutoka ndani. "Duka lilikuwa limepwaya bila huo mdundo wako."

"Mdundo gani, mzee?"

"Huo wa mguu. Tangu uje hapa huwa napangia misumari kwa huo. Umenikaa kichwani kuliko adhana, Mungu anisamehe."

Sikuzani aliutazama mguu wake. Ulikuwa bado unakanyaga, peke yake, bila kuagizwa. Akausikiliza. Ulikuwa ule mdundo wa ndani.

Miaka yote hiyo! Stendi nzima! Wapiga debe, wauza kaseti, mzee wa watu na misumari yake! Na Hamidu alimwambia kweli tangu mwanzo, tena kwa kujivuna, kwamba ni yeye. Alitaka kucheka, kulia na kukitupa kile chuma barabarani. Alipiga yowe moja, na mbuzi waliokuwa karibu wakatawanyika.

Angewaelezaje wanawake? Maneno wasingeyaamini, maana maneno ndiyo aliyoshtakiwa nayo. Kesho yake alipandisha cherehani kwenye lori la magunia linalokwenda Newala, akapanda juu yake akaishika kama mtoto, hadi Chilangala. Akaiteremsha uani kwa Bi Sijaona.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umehama?"

"Nimekuja kushona gauni la Faidha la kutokea. Hata kama simtoi mimi, gauni nishone mimi. Bibi kaa hapo, tupige soga."

Bibi akakaa. Sikuzani akaanza kukanyaga huku akimwuliza habari za mvua, za kuteka maji kule mteremkoni, za mume wa kwanza wa bibi, mpaka akasahau mwenyewe alichokuja kufanya. Ghafla bibi akaacha kusema. Fimbo yake ilikuwa imeinuka.

"Sikuzani."

"Naam, bibi."

"Simamisha huo mguu."

Akausimamisha. Wakatazamana.

"Huwa unakanyaga hivyo kila siku?"

"Kila siku, bibi. Kumbe. Sikujua. Yeye alikaa karibu yangu anasubiri gundi ikauke."

Bi Sijaona alijaribu kukaza uso, akashindwa. Alicheka kicheko kirefu cha mwanamke aliyezika waume watatu, akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mguu huo niliufundisha mimi. Nikasema, huyu mtoto anashika vizuri. Kumbe umeshika kupita kiasi!" Kisha akaacha kucheka. "Lakini kilichotoka kimetoka. Utaleta kuku na unga, tusafishe. Mguu utaufundisha mwendo mwingine. Na yule bwana auache ule mdundo kabisa."

"Ataniuliza kwa nini."

"Na wewe utamwambia?"

"Hapana, bibi."

"Basi aache bila kuambiwa. Akiweza, Faidha ni wako. Asipoweza, mwanangu, utachagua upande wa kukaa."

Hamidu alimsikiliza akiwa amekaa kwenye lile benchi barazani, gitaa mapajani.

"Kwanza, nisamehe," Sikuzani akaanza. "Hakuna mwanamke mwingine. Uliutoa kwangu kweli."

"Si nilikuambia!"

"Uliniambia. Sasa nakuomba usiupige tena. Popote. Milele."

Hamidu alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Bwana anakuja Alhamisi na mashine, Siku. Anautaka kwa ajili ya mdundo huo. Sijawahi kutunga kitu kama hicho, na sidhani nitatunga tena. Nipe sababu moja."

"Siwezi."

"Nusu sababu."

"Hamidu, siwezi."

"Umenisumbua mwaka mzima nikuambie maneno. Nakuomba neno moja, moja tu, na wewe ndiye bubu!" Akainuka, akavaa koti lake. "Nimechoka," akasema, akaondoka bila kusema atafanya nini.

Alhamisi mchana, ghala la Newala. Sikuzani hakutaka kwenda, lakini Bi Sijaona alitaka kusikia kwa masikio yake, na bibi akitaka jambo mtu anabeba kigoda tu. Wanawake wa Chilangala walikaa benchi lilelile, midomo imekazwa. Safari hii Sikuzani alivaa gauni la zamani. Hamidu hakumtazama hata mara moja. Bwana wa kaseti alibonyeza mashine yake, akainua kidole.

Waya mmoja. Gitaa la pili, kwa woga wake uleule. Besi ikajilaza. Sauti ikapanda, ikajaa, mabati yakaanza kulia, na Dickson akainua fimbo zake juu kwa mikono miwili. Sikuzani alifumba macho. Alisikia moyo wake mwenyewe, akauchukia kwa kupiga kelele.

Fimbo hazikushuka.

Vyombo vyote vilinyamaza kwa pamoja. Dickson alikaa na fimbo juu, jasho likimdondoka, na pale ambapo mdundo ungepaswa kuwepo kulikuwa na ukimya mtupu, mrefu sawasawa na mdundo wenyewe. Wanaume waliosimama nyuma wakaanza kuguna. "Umeme umekatika?" mmoja akauliza. Sikuzani alifumbua macho, akaangalia chini ya benchi. Vidole vya miguu vya shangazi vilikuwa vinacheza ndani ya kandambili. Vya mama yake pia. Mguu mkavu wa Bi Sijaona ulikuwa unagusa sakafu taratibu, haukosei, na hakuna mwanamume aliyesikia kitu. Ukimya ulipofika mwisho wake, miguu yote ikatulia, na bendi ikaingia kwa kishindo kilichowatimulia vumbi wote.

Bwana wa kaseti alizima mashine. "Rafiki yangu, wimbo gani una shimo katikati? Rudisheni ile ngoma."

"Shimo hilo lina mwenyewe," Hamidu akasema.

"Hauuziki hivyo."

"Najua." Alisema kwa uchungu, hakuuficha. Akaanza kukunja nyaya. Bwana akafunga begi lake, akaenda zake, na mtu mwingine wa kuwarekodi hakuja tena.

Bi Sijaona alinyanyuka kwa fimbo yake mpaka alipokuwa Hamidu.

"Mjukuu wangu, hujui ulichoacha."

"Sijui, bibi. Na inaniudhi sana."

"Ikuudhi tu. Wazazi wako wazima?"

"Wazima, bibi."

"Waambie watume mshenga kabla ya mvua. Barabara ya huku ikilowa haipitiki."

Mshenga alikuja kabla ya mvua. Faidha alitolewa Desemba, akiwa na gauni la dada yake, na aliyemshika mkono ni Sikuzani. Harusi ikafuata, ndogo, Masasi, na Bendi Bubu wakapiga mpaka majirani wakalalamika.

Barazani kwa Mzee Mahmudu sasa kuna mabenchi mawili. Hamidu anatengeneza redio, Sikuzani anashona. Mguu wake aliufundisha mwendo mwingine, kazi iliyomchukua muda na sindano nyingi zilizovunjika, na mpaka leo haujatulia vizuri. Mzee Mahmudu hukosea hesabu ya misumari na kumlaumu yeye.

"Cherehani yako siku hizi inachechemea, fundi wangu," Hamidu husema.

"Iache ichechemee."

"Ipo siku utaniambia?"

"Haipo."

"Hata tukizeeka? Hata nikiwa kitandani nakata roho?"

"Hapo ndipo kabisa. Ukaende kuwasimulia marehemu?"

Hamidu husonya, akarudi kwenye redio yake. Naye Sikuzani, akishahakikisha kwamba mumewe hamwangalii, hunyoosha mkono akamfuta vumbi begani, kisha akaendelea kushona.